Paka Anayetapika kwa Nguvu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaofuga paka huzoea kuokota matapishi sakafuni bila kuuliza maswali, hadi siku ile matapishi yanapofyatuka na kuangukia mbali. Majibu yafuatayo yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye jibu husika.

## Kuelewa kinachotokea

Kutapika kwa nguvu ni nini hasa?

Kutapika kokote kunahitaji nguvu kiasi, kwa kuwa misuli ya tumbo na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hukaza kwa pamoja ili kusukuma juu kilichomo tumboni. Tunapozungumzia kutapika kwa nguvu tunakusudia hali ambayo matapishi hurushwa kwa kasi na kuangukia mbali na paka, badala ya kumwagika mbele ya miguu yake.

Nguvu ya namna hiyo huelekeza mawazo kwanza kwenye pilorasi, yaani ule mlango wenye misuli unaoruhusu chakula kutoka tumboni na kuingia katika utumbo mdogo. Mlango huo ukibana au ukizibwa, chakula na majimaji hukusanyika, tumbo hutanuka, na linapokaza kujitua mzigo huo njia iliyobaki wazi ni ile ya kurudi juu.

Hata hivyo, nguvu peke yake haitoshi kumtambua mgonjwa mahututi. Paka aliyefakamia bakuli zima anaweza kutapika kwa kishindo mara moja kisha akarudi kucheza, ilhali mwingine mwenye kizuizi cha kuua akatoa povu kidogo tu kwa sababu tumbo lake halina tena cha kutoa. Kwa maoni yangu, hali ya paka kati ya tapiko moja na jingine husema mengi kuliko umbali ambao matapishi yameruka.

Nitatofautishaje kutapika, kucheua na kukohoa?

Paka anayetapika huwa na dalili za kichefuchefu kwanza: hulamba midomo, humeza mate mara kwa mara, hutoa sauti isiyo ya kawaida au hutafuta pa kujificha. Kisha tumbo lake huonekana likikazana na kulegea mara kadhaa kabla chochote hakijatoka.

Anayecheua hana maandalizi hayo. Chakula hurudi kutoka kwenye umio kabla hakijafika tumboni, bila tumbo kukazana, na kwa kawaida kinakuwa hakijasagika, kimefunikwa ute, na pengine kina umbo la mrija. Kwa sababu hutoka ghafla, watu wengi hudhani ni kutapika kwa nguvu. Tofauti hii ni muhimu, maana magonjwa ya umio si yale ya tumbo, na vipimo vyake ni tofauti.

Paka anayekohoa hujikunyata karibu na sakafu huku akinyoosha shingo mbele, na mwishoni huweza kutoa povu kidogo au kumeza tu. Wapo paka wenye pumu waliodhaniwa kwa miaka mingi kuwa wanahangaika na madonge ya nywele. Njia rahisi ya kuondoa utata ni kurekodi video ya tukio kwa simu na kumwonyesha daktari wa mifugo. Video ya nusu dakika mara nyingi huokoa muda mrefu wa maelezo.

Kwa nini daktari huuliza ni muda gani umepita tangu paka ale?

Kwa sababu muda huonyesha mahali penye tatizo. Chakula kinachorudi ndani ya dakika chache huashiria ulaji wa pupa au kasoro ya umio. Chakula kinachotoka kikiwa bado kinatambulika baada ya muda wa saa 8, 10 au zaidi kina maana nyingine kabisa: mlo huo ulipaswa kuwa umekwisha kuondoka tumboni, kwa hiyo ama mlango umeziba, ama misuli ya tumbo haisukumi ipasavyo. Ukiona hali hiyo pamoja na matapishi yanayoruka, usisubiri ijirudie mara nyingi.

Rangi na harufu ya matapishi vina maana gani?

Povu jeupe hutoka kwenye tumbo tupu. Rangi ya manjano au ya kijani ni nyongo, ambayo huingia katika utumbo mdogo baada tu ya pilorasi. Kwa hiyo matapishi mengi ya kuruka yasiyo na nyongo kabisa huongeza shaka kwamba pilorasi yenyewe imefungika, ingawa si uthibitisho. Damu nyekundu ni mbichi. Chembe za kahawia zinazofanana na unga wa kahawa ni damu iliyokaa na asidi ya tumbo kwa muda. Harufu ya kinyesi hudokeza kizuizi kilicho mbali zaidi chini ya utumbo.

## Sababu zinazokutwa mara nyingi

Je, kula haraka kunaweza kusababisha matapishi ya kuruka?

Ndiyo, na hasa pale paka wanapogombania chakula. Tumbo hutanuka ghafla kisha hurudisha mlo ukiwa karibu mzima. Gawa chakula katika milo midogo, tenganisha mabakuli, au tumia bakuli lenye vikwazo linalomlazimisha paka kula polepole. Ikiwa hatua hizo hazibadilishi kitu baada ya siku chache, basi pupa haikuwa sababu.

Donge la nywele si jambo la kawaida kwa paka?

Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea nyuma, hivyo anapojilamba hana budi kumeza nywele. Nyingi hupita na kutoka na kinyesi. Donge moja moja, hasa kwa paka mwenye manyoya marefu au katika kipindi cha kupukutisha manyoya, halina la kutisha.

Tatizo ni kwamba jibu la «ni nywele tu» limefunika magonjwa mengi. Paka anayetoa madonge kila wiki ama anajilamba kupita kiasi kwa sababu ya viroboto, mzio au maumivu, ama utumbo wake hausukumi nywele kama inavyotakiwa. Na kuna wakati donge lenyewe hukua likakwama kwenye pilorasi au katika utumbo mdogo; hapo linageuka kuwa kizuizi kama vingine (tazama jibu kuhusu vitu vinavyoziba).

Nimebadilisha chakula na sasa anatapika. Je, chakula ni kibaya?

Si lazima. Badiliko la ghafla linaweza kuvuruga tumbo hata kama chakula kipya ni bora kuliko cha zamani. Changanya kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10 ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Ikiwa kutapika kunadumu wiki kadhaa kwa chakula kilekile, huenda ni mzio wa chakula, na hilo huthibitishwa kwa mlo maalumu, kama inavyoelezwa katika jibu la mwisho la ukurasa huu.

Minyoo inaweza kuleta kutapika kwa nguvu?

Paka wachanga wenye minyoo mingi aina ya Toxocara cati huweza kuitapika ikiwa hai, na katika hali mbaya minyoo huweza kujisokota hadi ikaziba utumbo. Ipo pia minyoo midogo sana ya tumboni, Ollulanus tricuspis, ambayo huenea paka mmoja anapolamba matapishi ya mwenzake. Kwa kuwa mayai yake hayaonekani kwenye kinyesi kama ya minyoo mingine, kipimo cha kawaida cha choo hakiigundui. Dawa ya minyoo itolewe kwa kipimo cha uzito wa paka, na kamwe isiwe ile ya mbwa iliyokatwa vipande.

## Njia inapoziba

Ni vitu gani huziba tumbo au utumbo wa paka?

Mipira ya kufungia nywele, vipande vya sifongo, vipande vya vichezeo, mifupa na madonge ya nywele ndivyo vinavyotajwa mara nyingi. Kitu kikikaa tumboni kinaweza kuelea huku na huku kwa majuma, kikaziba pilorasi leo na kuiachia kesho, ndiyo maana paka huonekana kupona kisha kuanza tena. Kikishuka na kukwama katika utumbo mdogo, hali hubadilika haraka: paka hutapika mfululizo, hukataa chakula, na ukuta wa utumbo uliobanwa hukosa damu.

Kizuizi cha pilorasi kina madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Paka hupoteza asidi na chumvi za mwili kila anapotapika, damu yake huelekea upande wa alkali, na potasiamu hushuka kiasi cha kulegeza misuli. Kwa sababu hiyo daktari hurekebisha maji na chumvi mwilini kwanza, kisha ndipo humpeleka mgonjwa kwenye upasuaji.

Ukuta wa utumbo pia unaweza kujiziba wenyewe, pale sehemu moja inapojisukumia ndani ya nyingine kama mkono wa shati uliogeuzwa nusu. Hali hii huonekana zaidi kwa paka wachanga, na huweza kufuatia minyoo au kuhara kwingi.

Kwa nini uzi unahofiwa kuliko vitu vingine?

Paka hupenda kitu chembamba kinachojongea, na vijimiba vya ulimi wake vinavyoelekea nyuma humfanya ashindwe kutema uzi uliokwisha kuingia. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au kwenye pilorasi, huku sehemu iliyobaki ikiburutwa chini na misukumo ya utumbo. Kwa kuwa uzi hauwezi kusonga, utumbo ndio unaoupanda uzi, ukijikunja kama kitambaa kilichovutwa kwa uzi wa kushonea, na kila msukumo hukereza ukuta wake kama msumeno. Utumbo ukitoboka, vijidudu humwagika ndani ya fumbatio (uwazi wa tumbo unaobeba utumbo), na uwezekano wa kupona hupungua sana.

Ukiona uzi, utepe au kamba ikining'inia mdomoni au kwenye tundu la haja, usiivute. Nasema hivi nikijua kwamba mkono hutangulia akili katika nafasi kama hiyo. Kuvuta kunaweza kukata utumbo papo hapo. Mzuie paka asiendelee kuumeza, na mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anaonekana mchangamfu. Ikiwa uzi ulikuwa na sindano, sema hivyo mapema, kwa kuwa sindano huonekana wazi kwenye eksirei lakini uzi hauonekani.

Paka wangu mchanga alianza kutapika mara alipoachishwa kunyonya. Kwa nini?

Uwezekano wa kwanza ni kwamba alizaliwa na pilorasi iliyobana. Maziwa, kwa kuwa ni majimaji, hupita. Chakula kigumu hakipiti, na matapishi huanza kuruka. Paka wa aina ya Siamese wametajwa kuwa na kasoro hii zaidi ya wengine, na hurekebishwa kwa upasuaji wa kuupanua mlango huo.

Uwezekano wa pili ni kasoro ya mshipa mkubwa karibu na moyo unaouzunguka umio na kuukaba. Huyu hutapika kwa jina tu, maana kwa kweli anacheua (tazama jibu la kutofautisha). Wote wawili huwa na njaa kali, huku wakibaki wadogo kuliko ndugu zao wa uzao mmoja. Paka mchanga hana akiba ya maji wala ya sukari mwilini, hivyo haifai kungoja hadi kesho yake.

Na paka mzee anayeanza kutapika kwa nguvu?

Hapa uvimbe huja mbele katika orodha. Limfoma ndiyo saratani inayokutwa zaidi katika njia ya chakula ya paka. Huweza kutokea kama donge linaloziba au kama unene ulioenea kwenye ukuta wa utumbo. Kuna pia uvimbe wa ajabu kidogo, usio saratani, unaotokana na mwitikio uliopitiliza wa kinga ya mwili na kujenga makovu magumu, mara nyingi karibu na pilorasi. Kwa kupapasa na hata kwa picha unaweza kudhaniwa kuwa saratani. Sioni sababu ya kukata tamaa, wala ya kumwondoa paka duniani, kabla kipande cha nyama hakijachunguzwa chini ya hadubini.

## Sumu na maradhi mengine

Ni sumu zipi zinazoanza kwa kutapika?

Maua ya jenasi Lilium na Hemerocallis, ambayo wengi huyaita lili, ni hatari kwa paka kuliko mmea mwingine wowote wa nyumbani ninaoufahamu. Jani, ua, chavua aliyoilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo cha maua, vyote vinatosha. Kutapika huanza ndani ya saa chache, kisha huweza kutulia na kumdanganya mwenye paka, huku figo zikielekea kufa katika kipindi cha siku 1 hadi 3.

Parasetamoli ni sumu nyingine ya kutajwa kwa jina. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua; ufizi hugeuka kahawia na uso huvimba. Ibuprofeni huchubua tumbo na kuumiza figo. Kipoozeo cha injini chenye ethilini glikoli huua kwa kiasi kidogo sana, na tiba yake hufaa ikianza ndani ya saa 3 hivi za kwanza. Husemwa kwamba paka huvutwa na utamu wake, lakini paka hana uwezo wa kuonja utamu. Huilamba tu kutoka sakafuni au kwenye nyayo zake.

Je, ugonjwa usio wa tumbo unaweza kumtapisha paka?

Unaweza, na kwa paka wa makamo na wazee jambo hili ni la kawaida. Kituo cha kutapika kimo ndani ya shina la ubongo, na hupokea taarifa kutoka tumboni, kwenye damu, kwenye sikio la ndani na kwenye ubongo wenyewe.

Figo zinaposhindwa, taka hubaki katika damu na kukiamsha kituo hicho. Paka huyo hunywa maji na kukojoa zaidi ya desturi yake. Tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi, kwa kawaida baada ya umri wa miaka 8 hadi 10, paka hula sana na bado hukonda. Kisukari kilichoachwa bila tiba, ugonjwa wa ini na kuvimba kwa kongosho navyo humo. Kongosho la paka lina hila yake: wagonjwa wengi hawatapiki kabisa, bali hunyamaza na kuacha kula.

Paka dume anayetapika huku akienda chooni mara kwa mara bila kutoa mkojo ana mrija wa mkojo ulioziba hadi ithibitishwe vinginevyo. Watu wengi hudhani amefunga choo. Hii ni dharura ya saa, si ya siku.

Ugonjwa wa kuambukiza wa kuogopwa ni upi?

Ni panleukopenia, inayoletwa na kirusi cha jamii ya parvo. Paka asiyechanjwa hupata homa, hutapika, huhara na hudhoofika haraka, na kirusi huweza kudumu kwenye mazingira kwa miezi mingi. Chanjo huanza katika umri wa wiki 6 hadi 8 na kurudiwa hadi wiki 16 au zaidi.

## Cha kufanya

Ni lini nisisubiri hata kidogo?

Mpeleke paka mara moja ikiwa ametapika mara kadhaa ndani ya saa chache, hawezi kubakiza hata maji, ana damu kwenye matapishi, tumbo limevimba au lina maumivu, amelegea, ufizi wake umepauka, au unashuku uzi, sumu au mkojo ulioziba. Ongeza hapo paka yeyote mchanga, mwenye mimba, au mwenye ugonjwa sugu. Jike ambaye hajafungwa kizazi na anatapika majuma machache baada ya joto (kipindi cha kutaka dume) anaweza kuwa na usaha ndani ya mji wa mimba, hata kama hakuna kinachotoka nje.

Je, nimnyime chakula kwanza?

Kwa paka mzima aliyetapika mara moja au mbili na bado mchangamfu, kupumzisha tumbo kwa saa chache kunatosha. Kisha mpe maji kidogo kidogo na mlo mwepesi. Usimfungishe kwa siku nzima au zaidi. Paka asiyekula kwa siku 2 au 3, hasa mnene, huanza kurundika mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huweza kuua kuliko ule uliomtapisha. Paka mchanga asinyimwe kabisa bila ushauri wa daktari.

Naweza kumpa dawa ya kuzuia kutapika, au kumtapisha alichomeza?

Hapana kwa yote mawili. Dawa ya binadamu inaweza kuwa sumu yenyewe, na zile zinazoongeza misukumo ya tumbo, kama metoklopramaidi, ni hatari pale njia ilipoziba. Kumtapisha kwa chumvi kunaweza kupandisha sodiamu hadi ubongo ukaathirika, na haidrojeni peroksaidi huchubua vibaya tumbo la paka. Daktari anayo sindano ya kumtapisha pale inapofaa, na anajua pia wakati isipofaa.

Daktari atafanya nini?

Atauliza, atapapasa tumbo, na anapaswa kuangalia chini ya ulimi. Ikiwa paka ni mkali, hilo hufanyika akiwa amelazwa kwa dawa. Vipimo vya damu na mkojo huonyesha figo, ini, sukari, chumvi na homoni ya tezi. Eksirei hufichua mifupa, chuma na gesi iliyokusanyika mahali pasipostahili, na ultrasaundi huonyesha unene wa kuta na vitu ambavyo eksirei haivioni. Kamera iliyoingizwa kwa mdomo inaweza kufikia pilorasi, na wakati mwingine kukinyofoa kitu bila kupasua.

Matibabu hufuata sababu: maji kwa dripu, dawa za kuzuia kutapika kama maropitanti au ondansetroni, upasuaji, au tiba ya ugonjwa ulioko nyuma ya kutapika. Nenda na sampuli au picha ya matapishi, pamoja na kifungashio cha chochote anachoweza kuwa amekila.

## Hali za pekee

Hutapika ndani ya gari tu. Ni mgonjwa?

Hapana, ni kichefuchefu cha mwendo, kinachotoka katika sikio la ndani. Lakini paka anayetapika akiwa ametulia nyumbani huku kichwa kimeinama upande mmoja, anayumba, au macho yake yanacheza, ana tatizo la sikio la ndani au la ubongo na lazima achunguzwe.

Nina paka kadhaa na sijui ni nani anayetapika.

Watenganishe wakati wa kula na usiku, kila mmoja na sanduku lake la choo. Wapime uzito kila wiki; anayepungua ndiye wa kuanza naye. Ondoa matapishi mapema ili wenzake wasiyalambe, kwa sababu iliyotajwa kwenye jibu la minyoo.

Vipimo vyote ni vizuri, lakini bado anatapika kila wiki. Nifanye nini?

Kwanza, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo paka walivyo. Kutapika kila wiki kwa miezi ni ugonjwa sugu hata kama paka ananenepa. Vipimo vya damu vinaweza kuwa vizuri kabisa huku ukuta wa utumbo ukiwa umevimba kwa muda mrefu.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni mlo wa majaribio, wenye protini ambayo hajawahi kuila au iliyovunjwavunjwa kiasi cha kutotambuliwa na kinga ya mwili. Asile kitu kingine chochote, hata kipande kimoja cha kitafunio, kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Wengi wanaosema mlo umeshindwa walikuwa na mtu mwingine nyumbani anayempa paka vya kuonja kwa siri. Mlo usiposaidia, huchukuliwa vipande vidogo vya ukuta wa tumbo na utumbo, kwa kamera au kwa upasuaji, kwa kuwa kuvimba sugu kwa utumbo na limfoma inayokua polepole hufanana kwa dalili na hata kwa picha. Daftari la tarehe, saa ya mlo, saa ya kutapika na kilichotoka humsaidia daktari kuamua ni sehemu gani ichukuliwe, kwa hiyo lianze leo.